Kwa Nini Suke la Kwanza Ni la Mtoto

Kaeni hapa pembeni, wekeni visu chini. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele hakuna pa kuchekea.

Najua mnatucheka, ninyi mliopanda milima kuja kutusaidia kuvuna. Mmeyaona mashamba yetu, mkakonyezana. Suke jekundu limesimama kando ya jeupe, uwele umeingia katikati, kunde zimepanda mabua bila kuomba ruhusa, mnavu umeachwa wakati wa palizi kana kwamba mpaliliaji alisinzia, na kila mpaka una ukanda wa vichaka ambao jembe haliugusi. Mmoja wenu jana alisema kwamba mashamba ya Ngweko hupandwa na walevi. Nilimsikia, nikanyamaza. Lakini leo mmeona jambo jingine lililowafanya na ninyi mnyamaze. Mwenye shamba amesimama kando, mikono ameifunga mgongoni, na mtoto wa miaka sita ndiye aliyeingia peke yake kuvunja suke la kwanza. Sasa analichoma pale kwenye moto, na hakuna atakayevuna mpaka amalize kula. Mnauliza kwa nini. Basi nitawaambia, maana mtoto yule hatafuni haraka.

Zamani haikuwa hivi. Zamani Ngweko ilikuwa nchi ya mtama mweupe. Haikuwa hivyo tangu mwanzo wa dunia, la. Bibi zetu wa kale walikuwa na mbegu za kila namna, kila nyumba na mchanganyiko wake. Lakini mtama mweupe ulipanda kutoka bondeni pamoja na bibi harusi mmoja, na ugali wake ulikuwa laini, haukwaruzi koo, na watu wakapagawa nao. Haikupita miaka mingi ugali wa mtama mwekundu ukawa chakula cha aibu. Mgeni akibisha hodi, mama wa nyumba aliufunika kwanza ndipo amkaribishe.

Hapo ndipo ilipoanza Siku ya Ungo. Kila mwaka, siku chache kabla ya masika, wake wote wa kitongoji walikwenda uwanjani kwa mzee wa nchi, kila mmoja na mbegu zake juu ya ungo. Mke mkubwa wa mzee alipita akiinama, akitia vidole, akitafuta punje yenye rangi nyingine. Akiipata aliinua mkono juu ili wote waione, na watu wakaangua kicheko. Aliyekuwa na ungo safi kuliko wote alipigiwa vigelegele, na ndiye aliyetangulia kupanda. Kwa hiyo wanawake walikaa milangoni majuma mawili wakichambua mbegu hadi macho yakawauma.

Katika wanawake hao alikuwamo Namkunda, mke wa Mrutu. Namkunda hakuwa mwanamke mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mtakavyomfikiria baadaye. Alikuwa mkulima hodari, mikono yake haikujua kupumzika, na alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aitwaye Nanzia, aliyempata baada ya kuzika wawili wachanga. Alichokosa Namkunda ni vile vigelegele. Miaka mitano mfululizo alikuwa akipeleka ungo wake na kurudi bila kitu, na mwaka wa tano alishindwa kwa punje mbili, moja nyekundu na moja nyeusi. Aliziona zikiinuliwa juu. Alisikia watu wakicheka, na kicheko kile alilala nacho na kuamka nacho mwaka mzima.

Alijua punje zile zilikotoka. Zilitoka kwa mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo aliitwa Nakijwa. Aliishi katika kijumba ndani ya ua uleule, na juu ya meko yake kilining'inia kibuyu kilichokuwa cheusi kwa moshi, maana moshi huzuia fukusi wanaotoboa mbegu. Ndani ya kibuyu kile mlikuwa na kila kitu: mtama mwekundu mchungu, ulezi, uwele, kunde zenye madoa, mbaazi, na vimbegu vingine ambavyo Namkunda hata majina yake hakuyajua. Kila mwaka bikizee yule alichechemea hadi ukingo wa shamba la mwanawe, kando ya vichaka, akazipanda zote pamoja katika ukanda mwembamba, huku Nanzia akimfuata nyuma na kufukia kwa unyayo. Mavuno yakija, kuku na upepo na mikono ya mtoto vilichanganya punje za bibi na punje za mama.

"Mama, hizi takataka unazipandia nini?" Namkunda alimuuliza mwaka mmoja, kwa upole bado.

"Ndege akila mweupe, mwekundu utabaki, maana ni mchungu, haupendi," Nakijwa alijibu. "Jua likiuchoma mwekundu, uwele utabaki. Mvua ikikataa kukatika, tutakula ulezi. Mimi sijui mwaka utakuja na nini, mwanangu. Wewe unajua?"

Kwa Namkunda mwaka ulikuja na Siku ya Ungo na basi.

Mwaka wa sita Nakijwa aliugua mguu. Ulivimba kuanzia kifundoni hadi gotini, akawa hatoki mlangoni isipokuwa kwa kushikwa. Namkunda alimwogesha, alimkanda, alimpikia. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa hilo. Lakini siku moja adhuhuri, bikizee akiwa amelala, alisimama juu ya kigoda akakiteremsha kile kibuyu. Alikipeleka nyuma ya nyumba, kwenye jaa ambako hutupwa majivu na maganda na maji ya vyombo, akakigeuza chini juu na kukigonga kitako. Kuku walikuja mbio. Kisha alikiosha, akakikausha, akakijaza mtama mweupe punje kwa punje, akakirudisha mahali pake.

Alikwenda uwanjani na ungo wake. Mke mkubwa wa mzee alitia vidole mara tatu, hakuona doa. Ah, siku hiyo! Vigelegele vilipanda hadi ng'ambo ya kilima. Walipomuuliza amefanyaje, Namkunda alisema bila kuficha, tena kwa furaha, kwamba amemwaga kibuyu cha mama mkwe. Wanawake walipigana viganja kwa kucheka. Kabla jua halijazama, vibuyu vya bibi tisa vilikuwa vimemwagwa katika nyumba tisa, na vile vingine vilifuata kesho yake. Hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kubaki na uchafu.

Nakijwa aligundua siku ya kupanda, alipotia mkono kibuyuni. Aliuchota mtama mweupe, akautazama, akaurudisha.

"Umemwaga watu, mwanangu," alisema.

"Watu gani, mama? Ni mbegu tu."

"Ule mwekundu mama yangu alinifungia kwenye pindo siku ninaondoka kwake. Ulezi alinipa shangazi yake Mrutu, mwaka ule mvua ilipogoma kukatika. Na zile kunde za madoa zilikuwa za jirani yangu mmoja. Ukoo wake wote umekwisha, zilibaki kunde. Sasa nitawatafuta wapi?"

Namkunda akasema, "Nisamehe, mama," kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake njiani, akachukua jembe akaenda shambani.

Wanaume nao hawakutaka kupitwa. Walisema kivuli cha miti ya mipakani kinafubaza masuke, basi wakaingia na mashoka wakaikata, vichaka wakavichoma, na jembe likapita hadi nchani mwa kila shamba. Vipanga waliokuwa na viota katika miti ile walizunguka angani siku mbili wakilia. Siku ya tatu waliondoka, na hakuna aliyejali.

Masika yalikuwa mazuri. Mtama ulipanda kimo kimoja, ukachanua juma moja, ukatia maziwa juma moja, kuanzia ukingo huu wa nchi hadi ule. Namkunda alisimama mlangoni kwake akaona nchi nzima imekuwa ungo mmoja, na kwamba yeye ndiye aliyeuchambua. Kusema kweli, ilipendeza. Waliouona walisema hawajawahi kuona kitu kizuri kama kile, na mimi nawaamini.

Ndipo kwelea walipokuja.

Mnawajua kwelea ninyi, msinitazame hivyo. Huku kwetu walizoea kuja wachache, wakala hiki, wakakiacha kile kwa sababu hakijakomaa, wakakiacha kingine kwa sababu kichungu, vipanga wakawafukuza, wakapita. Mwaka ule walikuta chakula cha namna moja kilichoiva kwa pamoja na hakina mlinzi. Walitua asubuhi, na mabua yakainama kwa uzito wao. Watu wote walitoka kuamia ndege. Walipiga vibao vya miti, walirusha kombeo, walipiga mayowe tangu alfajiri hadi jioni. Wakifukuzwa kwa Namkunda walitua kwa jirani; wakifukuzwa kwa jirani walirudi kwa Namkunda. Nanzia alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, akawa anafungua kinywa na hakitoki kitu. Siku ya nne, saa za alasiri, waliinuka wote kwa mara moja wakaenda zao. Namkunda aliingia shambani akashika suke, akalipapasa. Lilikuwa makapi. Alishika la pili, na la tatu. Alitembea shamba zima akishika.

Njaa haikuja siku ile. Njaa ina adabu zake, huja polepole. Kwanza walikula yaliyobaki ghalani. Kisha wanawake walikwenda mipakani kuchuma mnavu na mgagani, kama mama zao walivyofanya kila mwaka mbaya, wakakuta udongo uliolimwa na kukauka. Kisha walikula mbegu. Wanaume walikusanya mbuzi waliosalia, wakateremka nao bondeni kutafuta nafaka, na Mrutu akaenda nao. Alimwambia Nanzia atarudi na kitu kitamu, kwa sababu baba huambia mtoto maneno kama hayo. Baada ya hapo wakaanza kufa, wazee kwanza, kisha watoto walionyonya maziwa yaliyokauka.

Nakijwa alisema meno yanamuuma, akawa anampa Nanzia nusu ya chochote alichopewa. Kila asubuhi aliomba asaidiwe kwenda kukaa nyuma ya nyumba, aoteshe mguu jua. Namkunda alimshika mkono hadi kwenye kona ya nyumba akamwacha hapo na mtoto. Hakuzunguka kona. Tangu siku ya kibuyu alikuwa hapiti tena pale kwenye jaa, na majivu yake aliyatupa kwingine. Alikuwa na aibu, na aibu humfanya mtu asione hata kilicho hatua kumi na meko yake. Kiangazi kilipofika katikati, Nakijwa alikufa akiwa ameketi palepale juani, na Nanzia ndiye aliyekuja kusema, "Bibi haniitikii."

Ndipo Namkunda alipoizunguka kona ya nyumba.

Pale kwenye jaa, katikati ya majivu, ulisimama mtama mwekundu. Kuku hawakumaliza zile mbegu. Zilizoingia ndani ya majivu zilishika unyevu wa maji ya vyombo zikaota, na kwa kuwa mwekundu huchelewa, masuke yake yalitoka wakati nchi nzima ilikuwa mabua matupu. Vikundi vya kwelea vilivyopita baadaye vilionja, vikatema, vikaenda. Masuke yalikuwa kumi na moja. Chini yake kulikuwa na vichwa vichache vya ulezi, masuke mawili ya uwele, na mche wa kunde wenye maganda matatu. Magugu yalikuwa yamepaliliwa kwa mkono, na kuzunguka yote hayo palikuwa na kijiua cha vijiti vya miiba, kimo cha mtu aliyeketi. Namkunda alipiga magoti akalia kwa sauti. Alimlilia mama mkwe wake, na alilia kwa furaha pia, na hakujua kilio kipi ni kipi.

"Bibi alisema la kwanza ni langu," Nanzia alimwambia. "Likiiva."

"Ni lako," Namkunda alisema. "Likiiva."

Hapo, jamani, alikuwa anasema kweli. Lakini alipokuwa akisubiri yaive alianza kuhesabu. Masuke kumi na moja. Nyumba kumi na tisa. Hakuna nyumba hata moja iliyokuwa na punje ya kupanda, na vuli ilikuwa inakaribia. Mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya nyuma ya kilima na kutawanyika. Suke moja ni bakuli la uji litakalokwisha kabla ya adhuhuri. Suke hilohilo likipandwa ni shamba. Na ni nani aliyewafundisha watu kumwaga vibuyu vyao? Kila alipopita njiani na kuona kaburi jipya aliona kama limechimbwa kwa ungo wake. Aliapa moyoni kwamba hata punje moja haitaliwa. Alidhani anawalipa watu wa Ngweko. Hakuona kwamba anafanya tena lilelile la kwanza, kuchambua, kutaka kitu kimoja kiwe safi bila doa, safari hii toba yake.

Masuke yalipoiva aliyakata yote akayafunga juu ya moshi, katika meko ya Nakijwa. Jirani yake Namvumo, ambaye alikuwa amezika watoto wawili mwezi ule na kubakiwa na kitoto kimoja, alikuja akayaona.

"Mpe mtoto uji, Namkunda," alisema. "Huitazami miguu yake?"

"Ni mbegu. Ni ya kwako pia."

"Ya kwangu nimesamehe. Mpe mtoto. Ulikuwa mwepesi wa kumwaga, mbona umekuwa mzito wa kutoa?"

"Mvua i karibu," Namkunda alisema. "Siku mbili tatu tu. Ikinyesha tutapanda, na majani yataota, atakula mboga."

Namvumo alimtazama akaondoka.

Kesho yake Namkunda alirudi kutoka kuchimba mizizi akamkuta Nanzia amesimama katika kijumba cha bibi. Alikuwa amepanda juu ya kigoda kilekile. Suke moja lilikuwa limevunjika, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefumbwa.

"Fungua mkono."

"Mama, bibi alisema."

"Bibi hayupo. Fungua."

Mtoto hakufungua. Namkunda akapiga magoti, akaushika ule mkono, akaanza kufungua kidole kimoja kimoja. Havikuwa na nguvu, vilifunguka kwa urahisi kuliko maganda ya kunde. Punje ziliangukia katika kiganja chake, akazihesabu, akazitia kibuyuni. "Mvua ikinyesha, mwanangu," alimwambia. "Subiri mvua inyeshe." Nanzia hakulia. Alisimama vilevile, mkono wa kushoto ameuweka mgongoni, na Namkunda hakukumbuka kuuangalia.

Siku nne baadaye, asubuhi, Nanzia alikufa mkekani bila kusema neno. Wingu lilikuwa limeshuka hadi chini ya kilima, na walipokuwa wakichimba kaburi matone ya kwanza yalianguka, makubwa, ya moto. Wachimbaji waliinua nyuso zao. Hakuna aliyeshangilia.

Namvumo ndiye aliyekuja kumsaidia kumwosha. Walimwosha kichwa, wakamwosha kifua na miguu. Mkono wa kushoto ulikuwa umefumbwa. Namvumo akautia katika maji ya vuguvugu akausugua polepole, na vidole vikaachia vyenyewe. Ndani mlikuwa na punje tano nyekundu. Zilikuwa nzima, hazikuguswa na jino.

Mpaka leo watu hubishana juu ya punje zile tano. Wako wanaosema mtoto alikuwa hana tena nguvu ya kutafuna. Wengine husema alizisahau. Mimi bibi yangu aliniambia alivyoambiwa na bibi yake, kwamba Nanzia alikuwa mtoto mtiifu, na aliambiwa asubiri mvua inyeshe.

Siku ileile, udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye magoti yake, Namkunda alipukuchua mavuno yote ya jaani ndani ya kibuyu cha Nakijwa, akapita nacho nyumba kumi na nane katika mvua. Katika kila nyumba alitia mkono, akatoa kilichokuja bila kukichagua, mwekundu na ulezi na uwele na kunde kama vilivyochanganyika, akakiweka katika kiganja cha mwenye nyumba. Wengine walipokea wakilia. Mmoja alimtemea mate miguuni kwanza, ndipo akapokea. Zile punje tano alizipanda mwenyewe ukingoni mwa shamba, pale vichaka vilipokuwa, na tangu hapo hakuruhusu jembe lipite mahali pale.

Mrutu alirudi siku ya sita, na mfuko wa nafaka uliojaa nusu. Alianza kumwita Nanzia akiwa bado njiani, kama alivyozoea. Namkunda alimsikia akiita, akakaa palepale alipokuwa, akamwacha aite mpaka alipofika mlangoni.

Mavuno yalikuwa madogo, lakini yalikuwa mavuno. Suke la kwanza kuiva lilikuwa moja la yale yaliyoota kwenye punje tano. Watu walisema Namkunda ndiye alikate, kwa kuwa bila yeye pasingekuwa na kitu. Aliingia shambani na kisu, akalifikia, akainua mkono, na mkono ukakataa. Alijaribu tena. Kisha alikiacha kisu kianguke, akaifunga mikono yake mgongoni, mmoja ukiushika mwingine kwa nguvu kana kwamba haiaminiani, na akamwita yule binti wa Namvumo aliyesalia.

"Njoo uchukue," alimwambia. "Hili au lolote utakalo."

Mtoto alimtazama kwa hofu. Watoto wa Ngweko walijua habari za mikono ile. Alivunja suke, akarudi nyuma hatua tatu, akaanza kula huku macho yake hayamwachi Namkunda. Namkunda alisimama mbele yake juani, mikono mgongoni, machozi yakimshuka hadi kidevuni na hakuyafuta, mpaka mtoto alipomaliza punje ya mwisho. Ndipo aliposema na watu, "Haya, vuneni."

Na tangu siku hiyo, hakuna shamba la Ngweko linalovunwa kabla mtoto hajavunja suke la kwanza na kulila. Mwenye shamba husimama kando, mikono mgongoni, hata akiwa mzee wa nchi. Mpaka wa kila shamba huachiwa vichaka, na vipanga wamerudi. Mmewaona juu pale, wawili. Kwelea bado huja miaka mingine, wakala mweupe wakauacha mwekundu. Jua likizidi tunakula uwele. Ugali wetu una rangi ya udongo, unakwaruza kidogo, nasi hatuufuniki mgeni akija, kama mlivyoona jana. Siku ya Ungo bado ipo pia. Mke mkubwa bado hupita akiinama na kutia vidole, ila siku hizi akikuta ungo wa rangi moja huunyooshea kidole na kumuuliza mwenye ungo, "Watu umewamwaga wapi?" Na hakuna anayecheka.

Ugomvi wa hapa na pale haukosekani kwetu, wala uvivu, wala wivu. Sisi si malaika. Lakini mtoto akitoka shambani na kitu amekifumba kiganjani, hata kama ni mbegu ya mwisho ya nyumba ile, hakuna mtu mzima wa Ngweko atakayempigia magoti kumfungua vidole.

Haya, inukeni, chukueni visu vyenu. Mtoto amemaliza kula.